Maralinga: Dhamana Walipewa Wasioambiwa

Waliokuta zile punje hawakujua wamekuta nini. Ilikuwa Maralinga, jangwa la Australia Kusini, baada ya Waingereza kulipua mabomu matatu ya nyuklia kati ya Septemba na Oktoba 1957, katika mfululizo walioupa jina la Antler. Kikosi kidogo cha Waaustralia wa usalama wa mionzi kilikuwa kikipita na vipimo pale lilipolipuliwa bomu la kwanza, eneo lililoitwa Tadje. Vipimo vikasoma kitu ambacho hakikufanana na mabaki ya kawaida ya mlipuko. Wakakitafuta chanzo, wakakuta punje za chuma zimetapakaa mchangani. Kobalti-60.

Wenzangu wa eksirei waliopitia hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hawahitaji kuelezwa. Kobalti-60 ndiyo iliyokuwa ndani ya mashine za kutibu saratani, nyuma ya kuta nene za zege, na hakuna aliyethubutu kuingia chumbani chanzo kikiwa wazi. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushee. Sasa fikiria punje hizo ziko wazi, zimelala juu ya mchanga, na mtu anakuja kuinama juu yake kwa sababu kazi yake ni kuinama na kupima.

Mkuu wa kikosi hicho, Harry Turner, hakuwa ameambiwa kwamba ndani ya bomu mlikuwa na kobalti. Waingereza waliiweka kama kipimo cha kusaidia kuchunguza mlipuko wenyewe. Upande wa Australia alikuwapo mmoja aliyejua: Profesa Ernest Titterton, mwenyekiti wa kamati ya usalama, yaani mtu yule yule aliyewekwa pale ili Waaustralia wajue. Alinyamaza. Baadaye, kwa maelezo yake, alitaka kuona kama kikosi kingeweza kugundua chenyewe.

Nilisoma habari hii katika ripoti ya mwaka 1985 ya Tume ya Kifalme ya Australia, tume iliyochunguza majaribio hayo, nikarudia ukurasa huo mara kadhaa. Mimi ni mtu wa eksirei. Siku nzima nina beji ya kupimia mionzi kifuani, na baada ya muda beji zetu hukusanywa, zikapelekwa kusomwa kwa Tume ya Nguvu za Atomiki kule Arusha, majibu yakarudi na majina yetu na tarakimu mbele ya kila jina. Katika kazi hii unaulizwa mapema kabisa: nani mwenye dhamana? Akizidisha dozi mgonjwa, nani anajibu? Mlango wa madini ya risasi ukipata ufa, nani aliyetakiwa kuuona? Ndiyo maana nilipoanza kusoma kuhusu majaribio ya mabomu, sikuvutwa sana na wingu la uyoga. Nilitaka kujua nani alitia sahihi.

Uingereza ilikuwa imefungiwa mlango na Marekani. Sheria ya McMahon ya mwaka 1946 iliwakatia Waingereza siri za nyuklia ambazo walishiriki kuzitafuta wakati wa vita, wakaamua kutengeneza bomu lao. Kisiwa chao kidogo hakikuwa na pa kulipulia. Mwaka 1950 Waziri Mkuu Clement Attlee akamwandikia Robert Menzies wa Australia, naye Menzies akakubali bila kulipeleka suala hilo kwenye baraza lake la mawaziri. Tarehe 3 Oktoba 1952 bomu la kwanza likalipuliwa ndani ya meli iliyotia nanga visiwa vya Monte Bello, pwani ya magharibi. Australia ilitoa mahali, askari, meli na ndege. Uamuzi wa kulipua haikuwa nao.

Mwaka uliofuata wakahamia bara, mahali panapoitwa Emu Field. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kabla ya majaribio hayo wanasayansi wa Uingereza walikuwa wameandika ripoti, A32, iliyokadiria vumbi la mionzi lingeanguka wapi kwa upepo wa aina gani. Kwa hiyo hesabu ilikuwepo. Asubuhi ya 15 Oktoba 1953 bomu la Totem 1 likalipuliwa, kilotani 10 hivi, katika upepo ambao kwa mujibu wa ripoti hiyo hiyo ungeshusha vumbi kupita kiwango kinachokubalika. Tume ya Kifalme ililisema hilo bila kuzunguka. Ikasema pia kwamba masharti ya kulipua hayakuzingatia kuwapo kwa watu Wallatinna na Welbourn Hill, wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi upande ule wingu lilikoelekea.

Watu wa Wallatinna walisimulia miaka mingi baadaye kuhusu ukungu mweusi uliopita chini chini juu ya miti, watoto wakatapika, macho yakauma. Mmoja wa watoto hao alikuwa Yami Lester, ambaye baadaye alipofuka kabisa na akawa sauti kubwa ya kudai uchunguzi. Tume ilikubali kwamba ukungu huo ulikuwepo na kwamba huenda uliwafanya watu waugue kwa muda. Kuhusu magonjwa mengine ilisema ushahidi hautoshi kuamua. Na kwa nini ushahidi usitoshe? Kwa sababu hapakuwa na mtu aliyetumwa Wallatinna na kipimo asubuhi ile. Aliyetakiwa kupima hakuwa na habari kwamba kuna watu, na aliyejua kuna watu hakuwa na kipimo. Katika fani yangu mahali ambapo hapakupimwa hapaandikwi sifuri. Panaandikwa "haijulikani". Serikali zilisoma pengo hilo kama sifuri kwa miaka 30.

Baada ya Totem, Australia ilitaka kuwa na kauli. Mwaka 1955 ikaundwa Kamati ya Usalama wa Majaribio ya Silaha za Atomiki. Ilikuwa na Profesa Leslie Martin kama mwenyekiti, Alan Butement aliyekuwa mwanasayansi mkuu wa wizara ya ugavi, Titterton mwenyewe, Cecil Eddy wa maabara ya eksirei na radiumu, na Dwyer wa idara ya hali ya hewa. Kwenye karatasi walikuwa na kura ya turufu: wakisema hapana, bomu halilipuliwi. Serikali ya Menzies iliipenda sana sentensi hiyo na kuirudia bungeni kila ilipoulizwa. Wanasayansi wetu wenyewe wapo, wanaweza kukataa, tulieni.

Lakini mtu hukataa kwa kutegemea alichoambiwa. Ukubwa wa bomu, kilichomo ndani yake, urefu wa wingu linalotarajiwa, yote hayo yalitoka kwa Waingereza, na Waingereza walichagua nini cha kutoa na kwa nani. Titterton mwenyewe alizaliwa Uingereza, alifanya kazi Los Alamos, maabara ya bomu ya Marekani, wakati wa vita na alikuwapo jaribio la kwanza kabisa la dunia, Trinity. Aliaminika kwao. Mwaka 1957 akawa mwenyekiti. Tume ya Kifalme ilifikia uamuzi kwamba alikuwa tayari kuificha habari serikali ya Australia na hata wajumbe wenzake kama aliona inafaa kwa maslahi ya Uingereza. Nimewahi kusikia watu wakimtetea kwamba zama zile siri ilikuwa siri. Sawa. Basi asingekubali cheo cha usalama. Huwezi kushika funguo za stoo na wakati huo huo ukawa mkaguzi wa stoo.

Sitaki kusema kamati haikufanya lolote. Mwaka 1956, katika mfululizo wa Buffalo, bomu la kwanza liliahirishwa mara kwa mara kwa sababu ya upepo mpaka likalipuliwa 27 Septemba. Hilo lilitimizwa. Ila tazama kilichotokea kwa bomu la tatu la mfululizo huo, 11 Oktoba, lililodondoshwa na ndege. Hedley Marston, mwanakemia wa viumbe wa shirika la utafiti la CSIRO, alikuwa amepewa kazi ya kuchunguza iodini ya mionzi kwenye tezi za kondoo na ng'ombe waliolishwa malisho sehemu mbalimbali za nchi. Kwa hiari yake akaweka pia mtambo wa kuchuja hewa mjini Adelaide. Vumbi likapita Adelaide, mji wenye mamia ya maelfu ya watu, na mtambo ukalinasa. Kamati ilikuwa ikiwahakikishia wananchi kwamba hakuna tatizo. Marston akataka kuchapisha, ukazuka ugomvi mrefu na mkali, na makala yake ikatoka mwaka 1958. Kilichokera si kipimo chake. Kilichokera ni kwamba kipimo kilitoka kwa mtu ambaye hakuwa kwenye mgawanyo wa kazi.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Maralinga haikuwa hivyo. Nahodha alikuwa mmoja, ila jina lililoandikwa kwenye daftari la chombo lilikuwa la mtu mwingine.

Mtindo huu haukuwa wa Waingereza peke yao. Katika jangwa la Nevada Wamarekani waligawana hivi: Tume ya Nishati ya Atomiki ilisimamia majaribio, jeshi likaleta askari wa kufanya mazoezi kando ya milipuko. Mwaka 1951 tume iliwaweka askari umbali wa kilomita 11 hivi. Jeshi likasema hapo askari hajifunzi kitu. Wakavutana, na mwaka 1953 jeshi likachukua dhamana ya usalama wa askari wake lenyewe. Mara moja kiwango kikapanda: wafanyakazi wa tume walibaki na rentgeni (kizio cha kupimia mionzi) 3.9 kwa wiki 13, askari wakaruhusiwa 6. Mahandaki yakasogezwa mpaka kilomita 3.2 hivi kutoka kwenye mlipuko, na maofisa wa kujitolea wakaenda karibu zaidi ya hapo. Mwili wa binadamu ni ule ule. Kilichobadilika ni ofisi inayomwandikia.

Turudi Australia. Walter MacDougall aliajiriwa mwaka 1947 kama ofisa wa doria kwa ajili ya wenyeji wa asili katika eneo la majaribio ya makombora la Woomera, na majaribio ya nyuklia yalipokuja, yakaongezwa kwenye mzigo wake. Kwa miaka mingi alikuwa peke yake, gari moja, katika jangwa ambalo ukilivuka kwa siku kadhaa bado hujalimaliza. Alitakiwa kuhakikisha hakuna mtu ndani ya eneo la hatari, wakati watu wa huko walikuwa wakisafiri kati ya visima na maeneo yao matakatifu kama walivyofanya siku zote. Msaidizi, Robert Macaulay, aliletwa mwaka 1956. MacDougall alipolalamika kwamba ujenzi wa kituo cha hali ya hewa na barabara unavuruga maisha ya watu hao, Butement, yule yule mjumbe wa kamati ya usalama, aliandika kwamba ofisa huyo hana mizani, maana anayaweka mambo ya wenyeji wachache mbele ya mambo ya Jumuiya ya Madola ya Uingereza.

Ndiyo mgawanyo wa dhamana huo, umeandikwa kwa barua ya ofisi. Chini kabisa ya ngazi yupo mtu mmoja mwenye gari, na akisema kazi haiwezekani, anaambiwa tatizo ni tabia yake.

Mei 1957 familia moja ya wenyeji, baba, mama mjamzito na watoto wawili, ilikutwa kwenye shimo la Marcoo. Hapo bomu lililipuliwa juu ya ardhi miezi saba nyuma yake. Walikuwa wamelala pale. Kulikuwa na vibao vya onyo, kwa Kiingereza. Wakaogeshwa, wakapimwa, wakapakiwa kwenye gari kupelekwa Yalata upande wa kusini, mbwa wao wakapigwa risasi. Askari waliokuwepo wakaonywa wasizungumze. Mtoto aliyekuwa tumboni alizaliwa mfu. Mama huyo alikuja kutoa ushahidi mbele ya Tume karibu miaka 30 baadaye. Ukiisoma sehemu hiyo ya ushahidi, tafuta jina la mtu aliyesema "hili lilikuwa jukumu langu." Doria ilikuwa ya wizara moja, uzio wa nyingine, kipimo cha Waingereza, na kamati ilikuwa mbali mijini.

Mlipuko mkubwa wa mwisho ulikuwa Oktoba 1957. Uchafu mbaya zaidi wa Maralinga, hata hivyo, ulikuja baadaye, kutokana na yaliyoitwa majaribio madogo. Jina lilifanya kazi yake. Kati ya 1960 na 1963, eneo la Taranaki, Waingereza walifanya majaribio 12 ya mfululizo wa Vixen B, wakilipua vichwa vya bomu kwa baruti ya kawaida ili kuona kitatokea nini ajali ikitokea ghalani au ndegeni. Kilogramu 22 za plutoniamu zilirushwa angani kama vumbi na vipande, zikaanguka kwenye udongo mwekundu. Majaribio hayo yalipoanza, mataifa makubwa yalikuwa yamekubaliana kusitisha majaribio ya nyuklia, hivyo Waingereza hawakutaka maswali, na Waaustralia walipewa maelezo finyu. Kamati iliidhinisha. Plutoniamu-239 hupungua nusu baada ya miaka zaidi ya 24,000.

Mwaka 1967 wanajeshi wa Uingereza wakaja na matrekta katika operesheni iliyoitwa Brumby. Wakalima na kugeuza udongo ili uchafu uchanganyike na kupungua ukali, wakafukia mengine kwenye mashimo yenye vifuniko vya zege. Mwanasayansi wao, Noah Pearce, akaandika ripoti ya kilichobaki na kilipo. Kamati ya usalama ya Australia ikaisoma na kuishauri serikali iikubali. Septemba 1968 Australia ikatia sahihi kuifungua Uingereza kutoka katika dhamana zake zote za Maralinga.

Kwa maoni yangu huu ndio mlipuko uliosahaulika. Kila kitu cha nyuma yake unaweza kukieleza kwa haraka, hofu ya Warusi, ujinga wa zama. Hapa hapakuwa na haraka. Mwenye eneo alipewa ripoti na aliyechafua, hakwenda kupima mwenyewe, akatia sahihi kwamba amesafishiwa. Sisi hospitalini hatuwezi kupokea hata mashine ya mitumba kwa barua ya muuzaji peke yake.

Walipokuja kupima, mwaka 1984, sababu ilikuwa ardhi kurudishwa kwa wenyewe, watu wa Maralinga Tjarutja. Maabara ya Mionzi ya Australia ikapeleka wataalamu na wakakuta vipande vya plutoniamu vimetapakaa juu ya ardhi, vya kuokota kwa mkono, na udongo mchafu kuliko ripoti ya Pearce ilivyosema. Ndipo Jaji James McClelland akakabidhiwa Tume ya Kifalme, akawasikiliza wenyeji, askari na wanasayansi, akapeleka vikao mpaka London. Titterton alihojiwa na hakutetereka.

Uingereza ilishikilia karatasi ya 1968 kwa miaka kadhaa. Mwaka 1993 ikakubali kulipa pauni milioni 20, kama hiari na si kama deni. Usafishaji uliofanyika kati ya 1995 na 2000 uligharimu dola za Australia milioni 108, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe nani alilipa zaidi. Maralinga Tjarutja walilipwa fidia ya dola milioni 13.5. Sehemu ya ardhi kuzunguka Taranaki bado ina mpaka wa nguzo: unaweza kupita na kuwinda, huwezi kupiga kambi. Safari hii vibao vina lugha ya wenyeji.

Siku hizi kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huanza na sentensi ambayo ingeipindua Maralinga yote: jukumu la msingi la usalama ni la yule anayeendesha shughuli inayoleta mionzi. Hawezi kuligawa na hawezi kulihamisha kwa sahihi ya mwingine. Serikali inasimamia kando yake, ikiwa na haki ya kuona kila kitu. Ndiyo kanuni tunayofuata hata kwenye chumba cha eksirei cha wilaya, na sipendi kusikia ikiitwa urasimu.

Kesi ambayo haijafungwa ni ya askari. Machi 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ilizuia madai ya maveterani zaidi ya 1,000 wa majaribio ya Australia na Pasifiki kwa sababu yaliletwa muda ukiwa umepita. Australia iliwapa watu wake kadi ya matibabu kamili kuanzia 2017. Uingereza ilitangaza medali mwaka 2022. Maveterani wa Uingereza, ambao sasa ni wazee sana, wanadai kitu kingine kabisa: majibu ya vipimo vya damu na mkojo vilivyochukuliwa kwao wakiwa vijana kambini. Mimi nikitaka historia ya dozi zangu zote tangu nianze kazi, naandika barua moja kwenda Arusha.